Kidonda cha mama na mhudumu mmoja wa usiku

Swali: Shikamoo mama. Mama yangu ana miaka 74. Mwaka jana alipata kiharusi, upande wa kulia umelegea na maneno hayamtoki vizuri. Mimi naishi Tabata na kazini natoka usiku, kaka zangu wako Mwanza na Mbeya, kwa hiyo tulikubaliana tumpeleke kwenye nyumba moja ya kulelea wazee upande wa Mbezi. Ni nyumba safi, vigae vinang'aa, wahudumu wana sare. Jumapili nilipokuwa namsaidia kubadilisha nguo nikaona kidonda juu kidogo ya makalio, ukubwa wa sarafu ya shilingi mia mbili. Msimamizi akasema ni joto la Dar na uzee, wazee wote wanapata. Siku hizi pia analala sana mchana, na wanasema amekuwa msumbufu kula. Usiku nasikia kuna mhudumu mmoja kwa wazee 11. Kaka zangu wanataka nimtoe leo hii. Mashangazi wanasema nilimtupa tangu mwanzo. Nimtoe? Na nitajuaje kama nyumba ni salama?

Jibu: Marahaba mwanangu, na pole sana. La nyumba nitalijibu kwa urefu, ila kwanza nikupe la leo, maana kidonda hakisubiri kikao cha ndugu.

Nenda leo, ukishindwa kabisa iwe kesho asubuhi, ukakitazame tena hicho kidonda ukiwa na nesi wa hapo. Kama kinanuka, kinatoa usaha, ngozi ya pembeni imevimba na ina moto, katikati pana nyama nyeusi au shimo, au kama mama anapumua harakaharaka, anatetemeka, amechanganyikiwa kuliko wiki iliyopita, mpeleke hospitali saa hiyohiyo. Mwananyamala, Amana, Mloganzila, popote palipo karibu nawe. Na usisubiri homa ndiyo uamini kwamba anaumwa. Mzee anaweza kuwa na maambukizi makali na joto lake lisipande kabisa, dalili ya kwanza ikawa ni huko kulala mchana na kukataa chakula ulikonisimulia. Kwa sababu hiyo, hata ukikuta kidonda bado ni kidogo na kikavu, mama aonwe na daktari kati ya leo na kesho, apimwe sukari, presha, mkojo na damu. Usingizi mpya kwa mtu aliyepata kiharusi ni jambo la kuchunguzwa, lisiachwe lipite kama uzee.

Sasa hilo la joto. Msimamizi amekwambia nusu ya neno. Jasho na mkojo vinailainisha ngozi na ngozi iliyolowa inachubuka upesi, na Desemba hadi Machi hapa kwetu mzee aliyelazwa juu ya godoro lililofunikwa nailoni analoa mgongo mzima. Lakini joto peke yake halichimbi kidonda juu ya mfupa. Angekuwa na vipele vya joto ungeviona kwapani, shingoni, chini ya matiti. Chake kipo pale mwili unapobanwa kati ya mfupa na godoro, na hicho ni kidonda cha mgandamizo. Mtu akilala mkao mmoja, mishipa midogo ya damu iliyo chini ya mfupa inabanwa kama mpira wa maji uliokanyagwa, nyama inakosa damu, na ikikosa kwa saa kadhaa inaanza kufa. Mara nyingi inaanza kufia ndani, karibu na mfupa, ndipo ngozi ya juu ifuate. Ndiyo maana kidonda cha ukubwa wa sarafu kwa nje kinaweza kuwa kipana zaidi kwa chini, na ndiyo maana nataka mtu mwenye ujuzi akipime, asikitazame tu na kupita.

Mimi na wewe tukilala tunajigeuza usiku kucha bila kujua. Mama yako hawezi. Upande wake wa kulia hausogei, pengine hata hausikii maumivu vizuri, na la kuumiza zaidi ni kwamba maneno hayamtoki. Kiharusi kinacholegeza upande wa kulia mara nyingi kimepiga upande wa kushoto wa ubongo, na huko ndiko iliko lugha kwa watu wengi. Kwa hiyo anaungua mgongo na hana namna ya kusema "nigeuzeni". Anaweza kunung'unika, kusukuma mkono wa mhudumu, kugeuza uso akipewa kijiko. Halafu inaandikwa kwamba ni msumbufu.

Vidonda hivi tunavigawa katika hatua nne. Hatua ya kwanza ngozi haijapasuka ila imebadilika. Ya pili imechubuka au imetoa lengelenge. Ya tatu imefika kwenye mafuta ya chini ya ngozi, ya nne imefika kwenye msuli au mfupa. Penye nyama nyeusi au ya njano iliyofunika chini, hatujui kina mpaka isafishwe. Hatua ya kwanza na ya pili zikishughulikiwa vizuri hupona kwa siku au wiki. Ya tatu na ya nne ni miezi, na kuna wazee wanaokufa kwa maambukizi yaliyoingilia hapo.

Kuna jambo moja hapa linaniumiza sana kwa sababu linatuhusu sisi moja kwa moja. Mafunzo mengi husema dalili ya kwanza ni wekundu ambao haupauki ukiubonyeza kwa kidole. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo aghalabu hauonekani. Mhudumu anatazama, haoni chekundu, anaandika "ngozi safi", na wiki inayofuata pamepasuka. Kwa ngozi yetu unatumia mkono zaidi ya jicho. Fungua pazia upate mwanga wa dirishani, weka mgongo wa mkono wako juu ya mfupa wa mkia, kisha sogeza kwenye ngozi ya pembeni ulinganishe. Je, hapa pana moto kuliko pale, au pamekuwa baridi? Pamekuwa pagumu, au pamelegea kama tope? Panang'aa, pana kivuli cha zambarau au weusi uliozidi, mama anakunja uso ukipagusa? Lolote kati ya hayo ni dalili ya kidonda kinachoanza, na zambarau au ulaini wa tope huenda ni jeraha la ndani zaidi ya hatua ya kwanza, kwa hiyo asiendelee kulalia hapo hata kwa nusu saa. Fanya hivyohivyo kwenye visigino, nyonga zote mbili, viwiko, mabega, nyuma ya masikio na kisogoni. Visigino vinasahaulika kuliko vyote, mama akivalishwa soksi ndiyo basi tena. Ukienda leo mvue soksi.

Nikuambie kilichonishtua kwenye barua yako. Kidonda chenyewe si sana, maana nimekwisha kuona vidonda vikitokea hata mahali penye uangalizi mzuri, hasa mgonjwa akiwa mwishoni kabisa mwa maisha na ngozi nayo imechoka. Kilichonishtua ni mambo mawili: wewe ndiye uliyekigundua, na usiku yupo mhudumu mmoja.

Tufanye hesabu ya usiku wa hapo. Zamu inaanza saa 2 usiku mpaka saa 1 asubuhi. Wazee ni 11. Tuseme watano kati yao hawawezi kujigeuza. Kumgeuza mmoja vizuri, kumbadilisha pampasi, kumfuta, kumkausha, kupanga mito na kumpa funda la maji ni kama dakika 15 ukifanya kwa utu. Watano ni dakika 75. Kwa mgonjwa mwenye kidonda kazi hiyo inatakiwa irudiwe kila baada ya saa mbili, au mpaka saa nne kama godoro ni zuri kweli na ngozi inavumilia. Ukichukua ya saa mbili, huyo mhudumu amebakiwa na dakika 45 katika kila mzunguko kwa wale sita wengine: anayeamka kwenda chooni na asiyejua choo kiko wapi, anayetaka kurudi kwao Kilosa saa 8 usiku, anayetapika, mwenye presha. Hajala, hajaketi, hajaandika chochote. Na hiyo ni kama anaweza kugeuza mtu mzima wa kilo 70 peke yake, na hawezi. Atambeba? Atamburuta. Kumburuta mgonjwa juu ya shuka kunachana ngozi kwa ndani na kufanya kidonda kiwe kikubwa zaidi. Kugeuza ni kazi ya watu wawili na shuka la kugeuzia lililowekwa chini ya mgonjwa, mmoja huku na mwingine kule, wananyanyua kwa pamoja.

Kwa hiyo huyo dada wa usiku, hata awe na moyo wa dhahabu, lazima achague wa kumwacha. Atamwacha asiyepiga kelele. Mama yako hawezi kupiga kelele.

Ndiyo maana nikiulizwa nyumba ya wazee inapimwaje, naanza na usiku. Mchana kila nyumba ina watu, kuna mpishi, kuna msimamizi, kuna wageni, kuna mwanafunzi wa mazoezi. Waulize: usiku yupo nani kwa jina, wako wangapi, nesi mwenye leseni ni yupi kati yao, na mmoja akiumwa nani anaingia badala yake? Nesi wa kweli amesajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania na ana leseni anayoihuisha. Kumwomba akuonyeshe si ukorofi. Wahudumu wengine wanaweza kuwa wasichana waliofundishwa kazi hapohapo, na wapo wazuri sana, lakini hawapaswi kuachiwa dawa, mpira wa mkojo na kidonda bila nesi juu yao.

Halafu omba daftari la zamu. Nyumba inayofanya kazi ina karatasi ya kila mgonjwa pale kitandani au kwenye faili: saa 2 ubavu wa kushoto, saa 4 ubavu wa kulia, saa 6 ubavu wa kushoto tena, saini ya aliyemgeuza. Itazame vizuri. Ukikuta saini za usiku mbalimbali, hata za wahudumu tofauti, zina mwandiko uleule, wino uleule, na saa zimenyooka bila hata dakika moja kupishana, huenda imejazwa asubuhi kwa mkupuo. Kazi ya kweli ina uchafu kidogo, saa 4 na dakika 20, "alikataa, nimerudi baada ya nusu saa", "amekunywa nusu kikombe". Uliza pia kidonda cha mama kimeandikwa lini kwa mara ya kwanza. Kama hakimo kabisa, basi hakuna aliyekitazama, au alikitazama akanyamaza. Sijui lipi ni baya zaidi.

Nirudi kwenye usingizi wa mchana, kwa sababu huenda ndio mzizi. Omba waweke dawa zote za mama mezani, na pakiti zake, ulinganishe na karatasi aliyotoka nayo hospitali. Unatafuta dawa ambayo mama hakuandikiwa na daktari wake. Zipo nyumba, na zipo familia pia, ambazo mzee akihangaika usiku anapewa diazepamu au promethazini ili wengine walale. Kwa mzee dawa hizi zinakaa mwilini muda mrefu. Zinamfanya asijigeuze hata kile kidogo alichokuwa anaweza, asinywe maji, aanguke akijaribu kusimama, na akilishwa huku anasinzia uji unaingia kwenye njia ya hewa. Ukizikuta, usizikatishe ghafla kwa hasira kama amezitumia kwa wiki nyingi. Ziende naye kwa daktari. Kama mama ana kisukari, usingizi huo unaweza pia kuwa sukari kushuka, kwa sababu anapewa vidonge vilevile na chakula hali. Na inaweza kuwa kiu tu. Hilo la kiu ni la kawaida mno, hasa pale wahudumu wanapompunguzia mzee maji ili pampasi zisiishe.

Kwenye chakula, mtu wa kiharusi anaweza kupoteza uwezo wa kumeza salama. Maji matupu yanamshinda kuliko uji mzito, maana yanakimbia kabla koo halijajifunga. Ukimwona anakohoa akinywa, sauti yake inakuwa na majimaji baada ya kumeza, au chakula kimejificha shavuni upande uliolegea, huo "usumbufu" ni woga wa kupaliwa. Alishwe ameketi wima kabisa, kijiko kidogo, mhudumu akiwa ameketi usawa wa macho yake, amalize kumeza ndipo kije kingine, na abaki ameketi nusu saa baada ya kula. Kulisha hivyo kunachukua dakika 30 au 40. Uliza mhudumu mmoja analisha wazee wangapi kwa pamoja mchana. Vidonge navyo visisagwe ovyo, maana vipo vilivyotengenezwa kuyeyuka polepole, na ukivisaga dozi ya siku nzima inaingia kwa mara moja, presha ikaporomoka.

Kidonda kinajengwa upya kwa chakula. Mama anahitaji protini kuliko alivyokuwa mzima: yai, samaki aliyechambuliwa miiba, dagaa waliosagwa kwenye uji, maharage yaliyopondwa, maziwa, karanga laini kwenye uji wa lishe. Uji mweupe wa sembe na chai ya rangi haviponyi kidonda. Kama figo au moyo wake una shida, daktari atakwambia kiasi cha protini na maji.

Ukienda, tazama kikombe cha maji kimewekwa wapi. Mama mkono wake mzima ni wa kushoto. Nikikuta kikombe kiko kulia kwake juu ya kabati, kimejaa mpaka ukingoni, naelewa siku nzima imekwendaje: aliyekileta alitimiza wajibu wa kuleta maji, hakutimiza wa kunywesha. Kengele au kitu cha kugonga nacho kiwe kushoto. Mtazame pia bega la kulia. Ukimwona mhudumu akimnyanyua mama kwa kumvuta mkono uliolegea, mzuie palepale kwa upole, bega hilo linateguka kirahisi na maumivu yake hayaishi upesi.

Godoro. Wengi watakwambia nunua godoro la hewa, na ni kweli linasaidia, lile linalojaa na kupungua kwa zamu. Lakini linaendeshwa na umeme, na sisi tunaujua umeme wetu. Ukikatika, baadhi yake hupungua hewa polepole na mama anajikuta amelala juu ya chaga bila mtu kujua. Uliza jenereta inawashwa na nani saa 8 usiku. Godoro nene la sponji iliyoshiba, lisilobonyea mpaka chini ukilikandamiza kwa mkono, ni bora kuliko la hewa lisilo na umeme. Na hakuna godoro linaloondoa haja ya kugeuzwa. Anapolazwa ubavu isiwe wima kabisa juu ya nyonga, bali ainame kidogo na mto nyuma ya mgongo, mto mwingine kati ya magoti, na mwingine chini ya mashavu ya miguu ili visigino vielee hewani. Kichwa cha kitanda kisiinuliwe sana isipokuwa wakati wa kula, kwa sababu anateleza kuelekea chini na ngozi ya mkia inakwangwa. Kiti cha magurudumu nacho ni mgandamizo vilevile. Kumkalisha barazani kuanzia asubuhi hadi jioni ili wageni waone "ameamka" ni kumkalisha juu ya kidonda.

Kuhusu dawa ya kidonda, nakusihi: pasimwagwe unga wa kapsuli. Naona bado watu wanafungua tetrasaiklini wanamimina. Pasipakwe spiriti, dawa ya meno, majivu wala mafuta ya taa, na ngozi iliyobadilika pembeni isisuguliwe wala kukandwa. Zile pete za mpira au za kitambaa anazokalishwa mgonjwa katikati yake nazo ziondolewe, zinabana damu kuzunguka kidonda. Kisafishwe kwa maji ya chumvi ya hospitali, kifunikwe kwa bandeji safi inayotunza unyevu kidogo, nesi apime urefu, upana na kina kila wiki na aandike. Wewe piga picha ukiwa umeweka rula pembeni, baada ya kumwomba mama ruhusa hata kama hawezi kujibu kwa maneno. Ngozi nzima inayozunguka ipakwe mafuta ya mgando au krimu ya zinki baada ya kila kubadilishwa, na pampasi ikilowa isisubiri ratiba.

Sasa nimtoe au nisimtoe? Ushauri wangu ni huu. Baada ya daktari kumwona, kama hajalazwa, kaa na msimamizi ana kwa ana, bila kelele, na umpe siku saba. Mwombe mpango wa kugeuza ulioandikwa, nesi mwenye jina anayehusika na kidonda, na mtu wa pili usiku. Msikilize anavyojibu. Akisema "ni kweli tumeteleza, tutafanya hivi na hivi, na njoo saa yoyote uone", mwache mama hapo ukifuatilia, maana nyumba inayokiri ni nyumba inayoweza kurekebishwa. Akirudia la joto na uzee, akikataa usione daftari, au akikwambia wageni ni Jumapili alasiri tu, anza kutafuta pengine siku hiyohiyo. Ndani ya hizo siku saba nenda saa usizotegemewa, saa 12 asubuhi kabla ya kwenda kazini, au saa 2 usiku ukitoka. Kama una rafiki au muumini mwenzenu anayeishi upande huo, naye apite. Mzee mwenye wageni wa mara kwa mara hugeuzwa mara kwa mara. Hilo halipendezi kulisema lakini ndivyo lilivyo.

Ukikuta amefungwa kwa kanga kitandani au kwenye kiti, ana michubuko isiyoelezeka, au amepigwa, hizo siku saba hazipo. Mtoe, apimwe hospitali na iandikwe, kisha toa taarifa kwa afisa ustawi wa jamii wa manispaa na polisi. Wazee wengine kumi walioko hapo huenda hawana mtoto wa kuwasemea.

Kaka zako wanaosema umtoe leo, waulize anakwenda kwa nani na nani atamgeuza saa 9 usiku. Ninauliza kwa heshima kabisa. Kumleta Tabata alelewe na binti mmoja wa kazi wa miaka 19 wakati wewe uko kazini ni kuhamisha hesabu ileile ya mhudumu mmoja kuileta nyumbani kwako. Nyumbani panaweza kuwa pazuri kuliko popote, mkipata watu wawili wa kupokezana, nesi wa kupita mara mbili tatu kwa wiki, kitanda kinachofaa, na kaka zako wakatuma fedha kila mwezi badala ya kutuma maoni. Kama hilo mnaliweza, nitalifurahia. Makazi ya serikali kama yale ya Nunge kule Kigamboni ni kwa wazee wasio na wa kuwatunza, kwa hiyo usiyategemee.

Na mashangazi: hukumtupa mama. Aliyemtupa mzazi hamvui nguo akamtazama mgongo. Waalike wapange zamu ya kwenda kumlisha mchana mmoja mmoja kwa wiki, wakae zile dakika 40 na kijiko mkononi. Hiyo itamsaidia mama kuliko maneno, na wao watajua mengi kuhusu nyumba hiyo kuliko utakavyoweza kuwaeleza.

Ikitokea mmeamua kumhamisha, iwe nyumbani au nyumba nyingine, iwe asubuhi ya siku ya kazi, isiwe Ijumaa jioni, ili pakitokea jambo kuna daktari na duka la dawa. Aondoke na karatasi ya dawa zote na saa ya dozi ya mwisho, maelezo ya kidonda na vipimo vyake, namna anavyolishwa, na mto anaoujua. Anayempokea amkague ngozi yote siku hiyohiyo mbele yako, muandike pamoja kilichokutwa na mtie saini wote wawili. Siku tatu za mwanzo mmoja wenu alale naye, kwa sababu mtu asiyeweza kusema, akiamka usiku mahali asipopajua, anahitaji kuona uso mmoja anaoufahamu.